Mzigua Aliyelala Jumba la Sanaa

Kwanza niseme kwamba sikutaka kwenda. Waulize akina mama wa jumuiya yetu hapa Mkata, watakwambia: Efrazia alisema tukimaliza hija tugeuze gari turudi nyumbani. Lakini mwenyekiti wetu, Getruda, ana mwanawe aitwaye Mathias aliyesomea uchongaji, na kazi yake ilikuwa imewekwa kwenye jumba kubwa la sanaa huko Dar es Salaam. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo hata umwambie gari linaungua atakujibu tupitie mara moja tu. Basi tukapitia.

Kichwa kilikuwa kinanigonga tangu Chalinze. Vidonge vyangu vya presha nilikuwa nimeviacha nyumbani juu ya kabati, maana nilijiona mzima, na mtu akijiona mzima hana adabu. Nikashuka garini, nikaingia pamoja na wenzangu.

Lile jumba lilinitisha tangu mlangoni. Lina baridi ya mashine, na sakafu yake inang'aa mpaka nikakibana kitenge miguuni nisije nikaonekana kwa chini. Kwenye kuta kuna picha za watu wakubwa kuliko watu, wengine hawana macho, na unapopita unahisi wao ndio wanaokutazama. Watu wa mjini wanatembea humo polepole, mikono nyuma, hawasalimiani. Mimi nilipomwamkia mzee mmoja aliyesimama mbele ya picha aligeuka kama nimemkanyaga. Nikasema moyoni, mahali ambapo watu hawaitikii salamu si pa kukaa.

Aliyekuwa ubavuni kwangu ni Yasinta, mtani wangu. Si wa jumuiya yetu, anakaa Masuguru kule Korogwe, lakini safari ikitajwa utamkuta ameshapanda gari. Yeye ni Mnyamwezi. Babu yake aliletwa manamba kukata mkonge, na ukoo wote ukabaki hukuhuku. Mimi ni Mzigua. Asiyejua utani wetu akitusikia anaweza kwenda kuita polisi. Yeye huniita mtumwa wake, mimi namwita mpagazi mtoto wa wapagazi, na tangu tulipokutana sokoni Mkata hakuna aliyewahi kumwachia mwenzake tusi bila kulijibu. Siku namzika mume wangu, Yasinta alijilaza mbele ya jeneza akasema halipiti mpaka apewe kuku. Nilimjibu palepale, machozi yananitiririka, na watu wakacheka msibani. Ndivyo ulivyo utani. Ukitukanwa, jibu. Ukimnyamazia mtani umemwambia hamjuani.

Kazi ya Mathias ilikuwa kwenye chumba cha mwisho, nyuma ya pazia jeusi. Getruda alitueleza kwa fahari kwamba mwanawe ametengeneza kambi ya manamba usiku, wamelala baada ya kazi. Watu wenyewe amewasuka kwa katani, akawavika nguo kuukuu, magunia na vitenge, akawalaza kwenye mikeka wakubwa kama watu wa kweli. Kisha akasema anakwenda chini kumpokea Mathias, na akina mama wengine wakamfuata, maana chini kulikuwa na viti. Tukabaki mimi na Yasinta. Ndani ya pazia tukasikia watu wanavuta pumzi.

Nikamwambia Yasinta, "Kuna watu humo."

"Ni redio," alisema. "Ingia wewe kwanza, ukawaamkie babu zangu. Mimi napitia chooni nakuja. Au Mzigua unaogopa?"

"Nimuogope nani, mpagazi wewe? Katani?"

Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Naijua methali hiyo tangu utoto, na bado niliingia, kwa sababu nisingekubali Mnyamwezi akanitangaze Korogwe nzima.

Humo ndani taa zilikuwa hafifu, zimefichwa juu. Watu wa katani walikuwa wamelala kila upande, wengine kifudifudi, wengine wamejikunyata, na ile pumzi ilikuwa inatoka pembe zote, inaingia, inatoka. Harufu ilikuwa ileile ya mashamba ya mkonge, kavu, inayokwaruza koo. Kulikuwa na kamba ya kukuzuia usiwasogelee, na kibao: Tafadhali usiguse. Nikajisemea nitahesabu mpaka kumi, kisha nitatoka nikajisifu.

Sikufika kumi. Mkono wangu wa kulia ulipotea. Sijui niseme vipi. Ulikuwepo, nauona, lakini haukuwa wangu. Mkoba ukaanguka. Nikataka kuinama niuokote, mguu nao ukakataa, nikapita juu ya kamba na kudondoka taratibu katikati ya watu wawili wa katani waliokuwa karibu. Shavu langu likatua kwenye mkeka. Nilikuwa nimevaa kitenge, mtandio kichwani. Nikamwita Yasinta. Kilichotoka mdomoni kilikuwa mate.

Nikaita tena. Nikaita kwa nguvu zangu zote za kuuza mahindi kwa abiria wa mabasi, na sauti iliyotoka haikuzidi pumzi ya wale wa katani. Niliogopa jamani. Nimezaa mara nne, nimeona nyoka kitandani, lakini woga ule sikuwahi kuujua. Nilikuwa ndani ya mwili wangu nimefungiwa, na funguo ziko nje.

Wakaingia vijana wawili. Nikashukuru Mungu. Nikawatumbulia macho, ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho. Mmoja akainama juu ya kamba.

"Oya, cheki huyu. Wamemtengeneza kinoma."

"Mpaka mate," akasema mwenzake.

Wakatoa simu, wakanipiga picha. Mmoja akachuchumaa, akaweka uso wake karibu na wangu ili watoke wote pichani, akatabasamu. Nilisikia harufu ya ubani wa kutafuna mdomoni mwake. Wakaondoka.

Akaja mwanamke mmoja, mtu mzima, msafi, kitambaa cha hariri shingoni. Alinitazama muda mrefu, akatikisa kichwa kwa huzuni, nikasema huyu ameelewa. Akageuka akasoma maandishi ya ukutani, akasema peke yake, "Maskini, walivyoteswa." Kisha naye akaenda zake. Nikatamani nimng'ate mguu.

Baadaye akapita mlinzi. Yeye ndiye niliyemtegemea kuliko wote, maana kazi yake ni kujua kilichopo na kisichopo. Aliona mkoba wangu, akauokota, akaangalia huku na huku kutafuta mwenyewe, akatoka nao. Sakafu nzima aliikagua, waliolala hakuwahesabu. Hapo ndipo nilipolia. Chozi lilitoka upande mmoja tu, na nilipolisikia la upande mmoja nikaelewa kwamba huenda ndiyo naondoka. Nitafia hapa, nikawaza, na watu wataendelea kulipa kiingilio kuja kuniona. Rhoda binti yangu atanitafuta, ataambiwa mama yako alipotea mjini.

Ndipo nikasikia viatu vya Yasinta. Ana kiatu kimoja kinalia. Alikuwa amerudi na baadhi ya akina mama.

"Mzigua wangu yuko wapi?" aliuliza. Halafu akaniona.

Alinitambua mara moja, na kunitambua kwake kukawa balaa jipya, maana alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Njooni mwone. Mzigua kasikia watu wamelala naye kalala. Hawa watu uvivu uko kwenye damu." Akina mama nao wakaangua kicheko. Yasinta akavua mtandio, akajifunga kiunoni, akaanza kunililia kama tunavyoliliana watani msibani. "Uuwi, mtumwa wangu amekufa. Nani atanipalilia mihogo? Nani atanichotea maji? Mzigua, umekufa bila kuniaga, na deni la kuku wa mumeo hujanilipa."

Nilikuwa namsikia neno kwa neno. Niliona meno yake, niliona jasho la kicheko usoni kwake, na sikuweza kukunja hata kidole. Anacheza juu ya kifo changu, nikawaza, na wala hajui kwamba kipo hapa kimekaa naye. Kadiri alivyochekesha ndivyo nilivyozidi kuzama. Mmoja wa akina mama akasema, "Haya twendeni, atachoka mwenyewe atakuja." Wakaanza kutoka. Nikaona pazia linafunguka, wanapita mmojammoja.

Yasinta alikuwa wa mwisho. Alishika pazia, akageuka kunipa lile tusi lake la kufungia, analonipa kila Jumatano tunapoagana baada ya gulio la Mkata.

"Inuka mtumwa, unibebee mzigo."

Jibu langu anajua, nami najua, hata wauza nyanya wa pale wanalijua: mzigo beba mwenyewe, ndiyo kazi ya ukoo wenu. Alisimama akilingojea. Ile pumzi ya kwenye redio ikaingia, ikatoka.

"Nimesema inuka, mtumwa."

Nikalisukuma lile jibu kwa roho yangu yote. Halikutoka.

Kicheko kilimwisha usoni kidogo kidogo. Akaachia pazia. "Efrazia," akasema. Tangu tujuane hakuwahi kuniita jina langu la ubatizo, na nilipolisikia nilijua kwamba ameogopa, na nilifurahi kwamba ameogopa. Akaruka ile kamba. Akapiga yowe, yule mlinzi akaja mbio.

"Mama, hairuhusiwi kugusa kazi za sanaa."

"Kazi ya sanaa mamako," alisema Yasinta. "Huyu ni mtani wangu, nimemtukana hajajibu. Leta gari."

Nilibebwa kwa kitenge changu, yeye na mlinzi mbele, akina mama nyuma, wanalia wale waliokuwa wanacheka. Hospitali walisema ni kiharusi, na kwamba ningechelewa zaidi kidogo tusingekuwa tunazungumza. Kuzungumza kwenyewe ndiko kulikokosekana. Mguu ulianza kurudi, mkono ukawa unacheza vidole, mdomo ukabaki umefungwa. Daktari alisema maneno huenda yakarudi na huenda yasirudi, akayasema mbele yangu kama nimelala.

Wakanirudisha hapa Mkata. Na hapa sasa ndipo woga wa pili uliponikuta, mkubwa kuliko ule wa Dar, kwa sababu ule ulikuwa wa mchana mmoja. Watu walikuja kuniona. Walisimama mlangoni, wakanitazama, wakatikisa vichwa, wakanong'ona na Rhoda, wakaondoka. Hakuna aliyenigusa. Na Yasinta alikuja kutoka Korogwe kila alipopata nauli, akaketi kando ya kitanda, akanipangusa mdomo.

"Umeamkaje, dada Efrazia?" alisema, tena kwa sauti ya chini. "Pole, dada yangu. Mungu yupo."

Dada. Mimi nilikuwa nasubiri mtumwa, napewa dada. Kila alipokuja nilisubiri, na kila mara ilikuwa pole na Mungu yupo, na uji wa ulezi usio na sukari. Nikaanza kupiga hesabu zangu. Mtani huchekesha hata kaburini, ndiyo kazi yake, marehemu akiwa pale ndani ya sanduku. Huyu ameshindwa kunichekesha nikiwa hai. Basi hali yangu ni mbaya kuliko kufa. Nililala na hesabu hiyo, nikaamka nayo, na moyo ulikuwa unanipiga mpaka kitanda nakisikia.

Nikaanza kujifunza kwa siri. Rhoda akienda shamba, nabana midomo, naachia. Mpa. Siku nyingine hata hiyo haiji, natoa upepo tu. Nililia, nikatukana kimoyomoyo, nikarudia. Sikutaka sala wala salamu iwe neno langu la kwanza. Nilitaka lile moja.

Alikuja tena mchana mmoja wa jua kali. Akavua viatu mlangoni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwangu nikiwa mzima. Akaketi, akachovya kitambaa kwenye maji.

"Pole, dada yangu," akaanza.

Hasira ilinipanda kutoka miguuni. "Mpa," nikasema. Kitambaa kikasimama hewani. "Mpa. Gazi."

"Umesemaje?"

"Mpagazi."

Nikangoja. Nilijua kinachofuata: mtumwa wewe, shika adabu yako, inuka unibebee mzigo. Tusi la mpagazi hakuwahi kuliitikia hata siku moja, hata kwa utani, hata akiwa amelewa kwenye harusi. Mnyamwezi huyu angekubali kufa kuliko kulikubali.

"Naam," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikarudia, lilitoka limepinda, mate yakanifuata kidevuni.

"Naam, ndiye mimi. Sema tena."

"Mpagazi."

"Naam. Usiache. Sema tena, mama, sema tena."

Alikuwa ameshika ule mkono wangu mbovu kwa mikono yake yote miwili. Hakucheka, na macho yake mekundu yakaniambia kwamba tangu siku ile aliponicheka kule Dar hakuwahi kulala usingizi.