Panya Kwenye Meza ya Mama Esteri

Mwaka ule wa 1976, kila jirani aliyepita uani kwa Mama Esteri, Kasulu, alionyeshwa mkwe.

"Mtazame! Alikuja kutoka Kibondo mwembamba kama fito. Leo ona shavu hilo!"

Kezia aliinamisha kichwa, akaendelea na ugali. Alimaliza wote, kwa kuwa bibi arusi hasazi chakula cha mama mkwe. Na kila sahani ilipobaki tupu, Mama Esteri alidhani bado ana njaa, akamwongeza maharage yaliyokolea mawese.

"Moyo unanidunda kila nikisikia mwiko," Kezia alimwambia mumewe chumbani, huku akifunga furushi. "Nirudishe kwa baba, Ildefonsi. Jumatatu nisipoondoka nawe, naondoka mwenyewe."

Ildefonsi alikuwa ametoka chuo kikuu juzi tu, na aliamini hakuna jambo lisiloelezeka kwa upole. Kumkosoa mama yake hakuthubutu. Lakini alifundisha sayansi, na shuleni alikuwa na panya.

Jumapili, wakiwa wanakula, akaweka sanduku mezani.

"Yoo! Panya kwenye chakula?"

"Wamefungiwa, mama. Hawa wadogo wawili wanakula karanga na mawese, kadiri wapendavyo. Huyu anaishi peke yake. Yule amepakana na dume kubwa, kuna wavu tu katikati."

Mama Esteri akainama. "Huyo aliye jirani na dume ndiye mnene. Ana raha zake."

"Ana hofu. Hang'atwi, anatazamwa tu. Basi anatetemeka, hachezi, anakula kupita kiasi. Nilipompa mtama mtupu hakunenepa hivi. Hofu ikikutana na mafuta, mwili unaweka akiba kana kwamba kesho kuna vita."

Mama Esteri aliuelekeza mwiko kwenye sanduku.

"Na mimi ndimi yupi hapo?"

Ildefonsi alikohoa. Alisema panya si watu, kwamba uchunguzi bado ni mdogo, kwamba wataalamu wenyewe...

"Ehee! Kumbe chuo kikuu wanafundisha kuzungukazunguka!"

Kezia akaangua kicheko. Tangu aolewe hakuwa amecheka ndani ya nyumba ile, akaziba mdomo kwa haraka.

"Usizibe, mwanangu. Sema wewe. Umeshiba?"

Kezia alimtazama mumewe. Mumewe aliwatazama panya.

"Nilishiba tangu wiki ya kwanza, mama."

"Wiki ya kwanza! Nami naamka alfajiri kukutwangia muhogo!" Mama Esteri aliivuta sahani ya mkwe wake, ikiwa bado na nusu ya ugali, akaketi na kumega tonge. "Lete huku. Acha panya mkubwa naye ale."

Alitafuna, akamgeukia mwanawe. "Nawe toa sanduku lako mezani. Kisha mpeleke mkeo akatembee, amekaa sana."

Kezia aliingia chumbani, akafungua furushi la safari, akatoa kanga ya kutokea.