Droo ya Simu Saba

Ofisini kwetu kuna droo yenye simu saba, na ufunguo wake ninao mimi. Mbili zimepasuka kioo, moja tumeifunga kwa raba ili betri isidondoke, na ile ndogo kuliko zote hufungua ukurasa polepole mno, unaweza kwenda kunawa mikono ukarudi ukaikuta bado inahangaika. Ndizo simu walizonazo watu. Kazi yetu ni kutengeneza tovuti za wafanyabiashara zitumike vizuri kwenye simu, na sheria ya ofisi ni moja tu: tovuti haitoki mpaka ijaribiwe kwenye simu zote za droo. Nimewagombeza wenzangu kwa sheria hiyo mpaka wakanibandika jina, Bibi Droo. Basi sikilizeni alichofanya Bibi Droo.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni fundi wa viatu vya kupimwa. Mtu ambaye mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine, au vidole vyake vimepinda, hapati kiatu dukani. Anakwenda kwa Mjomba. Yeye hukata ngozi na kuinua soli, na mwenzake, mzee tunayemwita Sindano, hushona. Wamekaa miaka ishirini na miwili katika chumba kimoja, meza zao zikitazamana, redio moja katikati, wakibishana kuhusu mpira kila siku ya Mungu. Mimi nimekulia chini ya meza hizo. Baba alipofariki, Mjomba ndiye aliyenisomesha, na Sindano ndiye aliyenishonea viatu vya shule kila mwaka mpaka nikamaliza.

Wateja wao wengi wanakaa mbali, hutuma vipimo kupitia tovuti. Mtu akishajaza fomu, Mjomba anapata ujumbe kwenye simu yake ya vitufe, basi. Tovuti yenyewe hajawahi kuiona popote ila kwenye kompyuta yangu. Ile ya kwanza niliitengeneza nikiwa bado mwanafunzi. Ilikuwa mbaya, tena mbaya kweli, lakini ilifanya kazi. Mwaka jana nikaona inanitia aibu, nikaitengeneza upya: picha kubwa, maandishi ya kupendeza, na chini kabisa fomu ya vipimo pamoja na namba ya simu ya karakana.

Kwenye kompyuta yangu ilimeremeta. Nilipolibana dirisha la ukurasa ili nione itakavyokuwa kwenye simu, ile fomu ikavurugika, visanduku vikapandana. Ilikuwa Ijumaa jioni na wateja wengine walikuwa wananipigia kila dakika. Nikaandika amri moja fupi: sehemu hii isionekane kwenye skrini ndogo. Nikajiambia nitairekebisha Jumatatu. Droo sikuigusa. Nilijiambia, huyu si mteja, huyu ni Mjomba, hata nikikosea atanielewa. Kwa mtu baki ningeifungua ile droo, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Jumatatu sikurudi. Nilisahau, miezi minane.

Kule karakana, ujumbe ulipungua mpaka wiki nzima ikapita bila hata mmoja. Siku hizo hizo kuna jozi ilirudishwa, mshono wa soli umeachia. Jozi moja katika miaka ishirini na miwili. Mjomba akajumlisha mwenyewe: habari zimeenea, watu wamekimbia, na aliyewakimbiza ni Sindano. Akamwambia mkono wake umezeeka. Sindano hakubisha. Alikusanya sindano zake na msharasi wake wa kutobolea ngozi, akaaga kwa heshima, akaondoka.

Mjomba alinisimulia haya kwenye simu kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Nami niliyejiona najua kila kitu nikamjibu kwamba biashara ndivyo zilivyo, na labda kweli mzee amechoka, apumzike. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu mimi niliyevaa viatu vya mzee yule miaka kumi na mmoja bila uzi hata mmoja kukatika.

Wiki iliyopita, Jumatano, nilipita karakana kumsalimia Mjomba. Meza ya Sindano ilikuwa tupu, imefutwa vumbi. Nikiwa pale akaingia mama mmoja na binti yake anayechechemea. Wametoka mbali, wameulizia njia nzima. Mjomba akapiga magoti mbele ya binti, akaanza kumpima mguu, na yule mama akakaa karibu yangu akapumua. Akasema tovuti yetu anaijua tangu mwaka jana, ameziangalia zile picha mpaka amezikariri, ila hakuona pa kuandika wala pa kupiga. Alidhani ni maonyesho tu, hatuuzi.

Akanipa simu yake. Ilikuwa ndogo, ya bei ya chini, pacha wa ile ya droo yangu. Nikateremsha ukurasa kwa kidole gumba: picha, maandishi, picha, mwisho. Hapakuwa na fomu. Hapakuwa na namba. Nikaikumbuka ile amri fupi ya Ijumaa.

Mjomba alikuwa hatua tatu kutoka nilipo. Ningefungua mdomo pale pale. Badala yake nikamwambia yule mama kwa sauti ya chini kwamba kuna hitilafu ndogo, nikarudi ofisini mbio kama mwizi. Kuitengeneza ile fomu kulichukua dakika ishirini. Nasema tena, ishirini. Nikaipitisha kwenye simu zote saba, na ile ya raba nikaijaribu mara mbili, kana kwamba nikifanya usafi wote leo uchafu wa jana utafutika wenyewe.

Kesho yake Mjomba alipata ujumbe mara nne, keshokutwa yake mara sita. Akanipigia akicheka, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu mvua zilizopita.

"Mpwa wangu, Mungu mkubwa," akasema. "Watu wameanza kuisahau ile aibu ya Sindano."

Nilimpongeza. Ndiyo, nilimpongeza, na nilipokata simu nikaenda chooni nikalia.

Jumamosi asubuhi nikapiga moyo konde nikaenda karakana. Nilimkuta anakata soli. Nilimweleza yote bila kujikosha: droo, ile Ijumaa, ile amri fupi, na kwamba nimejua tangu Jumatano nikanyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisu kikiwa mkononi. Hakunigombeza, na ningepewa kuchagua ningechagua kugombezwa.

"Kwa hiyo watu hawakutukimbia?" akauliza.

"Hawakuwakimbia, Mjomba. Walikuja kwenye tovuti kila siku. Hawakuona pa kuandikia."

Akaitazama ile meza tupu.

"Nilimwambia mkono wake umezeeka," akasema. "Nilimwambia mbele ya mteja."

Akavua aproni, akafunga karakana saa nne ya asubuhi, kitu ambacho sijawahi kukiona maishani mwangu, na tukaenda kwa miguu mpaka kwa Sindano. Mimi nilikuwa nyuma yake nikipanga maneno ya kuomba radhi, nikiyapangua, nikiyapanga tena.

Mke wa Sindano alitufungulia. Mzee alikuwa amekaa karibu na dirisha, miwani mpya puani, ngozi mapajani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu, hana kinyongo. Mjomba alisimama mlangoni. Sindano hakumngoja aseme. Alidhani tumekuja kuupima mkono wake. Akainama, akavuta gunia chini ya kiti, akalimwaga mkekani.

Vilikuwa vipande vya ngozi, viwili viwili, vimeshonwa pamoja. Mamia. Akatueleza kwa utulivu kwamba tangu aondoke anashona kipande kimoja kila asubuhi na kimoja kila jioni. Akimaliza anakivuta kwa nguvu zake zote aone mshono unaachia wapi, ili ajue mkono wake unakosea wapi. Amenunua miwani. Amebadilisha uzi mara tatu.

"Mimi kosa silioni," akasema, akanikabidhi kimoja. "Wewe una macho mazuri, mwanangu. Nitafutie kosa."

Nilipiga magoti kwenye vile vipande. Nilikivuta kile alichonipa mpaka vidole vikaniuma. Mshono ulikuwa umenyooka, umekaza, sawasawa na wa viatu vyangu vya shule.

"Kosa halimo humu, baba," nikasema. "Halikuwahi kuwa lako. Ni langu mimi."

Nikaanza kumweleza. Nadhani alinisikia. Lakini miezi yote ile haifutwi kwa neno moja. Aliingiza mkono kwenye lile rundo, akatoa kipande kingine, akanipa.

"Angalia na hiki," akasema.