Viazi vya Cheptanui

Mkaguzi alikuwa amemwangusha Cheptanui mara mbili katika mtihani wa kufundisha, na sababu aliyotoa inanitia hasira hata leo: eti msichana hajui somo, ndiyo maana anatazama sakafu. Hajui! Kwao Kuresoi, binti anayemkazia mzee macho huonekana hana adabu. Cheptanui alimpa heshima, naye akampa sifuri.

Akianguka tena angefukuzwa chuoni, na ualimu aliutaka kuliko kitu chochote. Bwenini vitanda vyetu vilikaribiana. Mtihani wa tatu ulipangwa Jumatatu, na wiki iliyotangulia hakula vizuri wala hakushika kitabu.

"Wangu," aliniambia, "huyo mzee akiingia tu, kila kitu kinanitoka kichwani."

Jumamosi ilikuwa zamu yetu ya kumenya viazi jikoni. Nikamuuliza kuhusu nusu na robo, hesabu iliyonishinda tangu utotoni. Akakata kiazi, akanieleza huku anamenya, polepole, bila kubabaika. Nami, kichwa kigumu, nikaelewa. Nikaweka kisu chini.

"We Cheptanui, unajua umefundisha sasa hivi? Jumatatu uende na viazi."

"Darasani? Si watanicheka!"

"Wacheke. Mikono ikiwa na kazi, macho yana mahali pa kukaa. Huyo mzee utamtazama wa nini?"

Jumatatu sisi wanachuo tuliketi nyuma katika darasa la watoto wa shule ya msingi, karibu na mkaguzi. Moyo ulinidunda kana kwamba mtihani ni wangu. Cheptanui aliingia na kikapu, akatazama chini, akaanza kukata. Watoto wakasogea. Akawagawia vipande, akauliza, akasahihisha, akacheka nao. Woga ulimtoka nikiuona. Kumbe mtu wetu alikuwa mwalimu siku zote!

Vipande vikabaki. Akaja nyuma anagawa, akamtia mkaguzi kimoja mkononi, akamtazama usoni moja kwa moja.

"Na wewe, umeshika sehemu gani?"

Mkaguzi akageuza kile kipande.

"Robo," akanong'ona.

"Simama useme kwa sauti. Wenzako hawajasikia."

Akasimama, mzee mzima na tai yake, akasema, "Robo, mwalimu!" Watoto wakampigia makofi.

Cheptanui alipita mtihani, tena wa kwanza. Jioni bweni zima lilipiga vigelegele hadi mama mlezi akaja mbio na fimbo. Tulipomwambia sababu, aliitupa fimbo akapiga vigelegele kutushinda sote.