Mtoto wa Josephina

Agatha hakumwamini Gerson tangu siku ile aliposhuka kwenye gari pale Lulindi, viatu vinang'aa, akasema yeye ni mtoto wa Josephina. Josephina gani? Mdogo wake Agatha mwenye jina hilo alitoroka na dereva wa malori ya korosho miaka arobaini iliyopita, barua zikakatika, na kila Siku ya Marehemu Wote Agatha mwenyewe ndiye aliyepeleka jina lake likasomwe kanisani.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mama yako yuko wapi?"

"Tumalize uchaguzi kwanza. Nitakueleza."

Jibu gani hilo? Mtu anayetafuta ubunge hasiti kumtaja mama yake, hasa huku, ambako ukoo ni wa mama na baba ni mgeni tu. Bila mama wa hapa, Gerson alikuwa mtu wa kuja. Agatha alimwona tapeli mtupu, aliyelifukua jina la marehemu ili apate kura.

Basi siku wajumbe wa chama walipokutana Chiungutwa kupiga kura za maoni, mwenyekiti, mzee Bwanali, akauliza kama yuko wa upande wa mama atakayemtambua mgombea. Agatha alisimama. Akasema hamjui. Akasema mdogo wake alikufa bila mtoto. Watu wakaguna. Gerson aliinama, hakujitetea, na hilo nalo Agatha akaliona ushahidi.

Gerson akapita hata hivyo, kwa tofauti ya kura tisa, na Oktoba akawa mbunge. Wiki ya pili baada ya kuapishwa, gari lake likasimama mbele ya kibaraza cha Agatha. Kaja kunikomoa huyu, Agatha aliwaza, akakaza kanga kiunoni.

Gerson alishuka. Alifungua mlango wa nyuma, akamshika mkono mwanamke mwembamba mwenye fimbo. Uso wa mwanamke huyo ulikuwa ule ule wa mama yake Agatha.

"Nilimkataza kusema niliko," Josephina alisema. "Sikutaka kutembezwa kwenye mikutano kama kitenge cha kampeni. Nikamwambia, nenda tu nyumbani, dada atakujua." Akapumzika kidogo, pumzi zilikuwa chache. "Siku ile ya Chiungutwa alinipigia akaiacha simu wazi mfukoni, nikasikia kila neno. Shikamoo, dada."

Agatha alifungua kanga aliyoikaza kiunoni, akaitandika kibarazani ili mdogo wake akae.