Hereni ya Sharlyne

Ng'ombe wa rafiki yangu Okwakol alikuwa na maziwa mazito hivi kwamba paka wangu aliwahi kutembea juu ya ndoo nzima, akashukia upande wa pili bila kulowa kucha. Anayebisha aje Malaba, paka bado yuko.

Jina la ng'ombe lilikuwa Sharlyne. Marehemu Akiteng, mke wa Okwakol, ndiye aliyempa, akisema majina mazuri yasiachiwe watu peke yao. Alimnunua akiwa ndama, kwa faida ya mihogo, na siku za mwisho za ugonjwa wake alimwachia mumewe neno moja: "Kamba ya huyu usimpe mtu."

Basi hakumpa mtu. Nyasi nzuri zilikuwa kando ya barabara, pale malori yanapopanga foleni kuingia Uganda, na malori ya ngano yana tabia ya kuvuja. Ng'ombe akizidisha ngano kavu, tumbo hufura, na akichelewa kutibiwa hufa. Kwa hiyo Okwakol alikaa naye, kamba mkono mmoja, ufagio mkono wa pili, akifagia punje kabla ulimi haujafika.

"Mzee, kaunti imekuajiri?" madereva walimchokoza.

"Imeniajiri. Inua mguu, takataka ni wewe."

Kisha akaja Vivian, binti wa jirani yetu Mugeni, anayeuza bima ya mifugo. Akamtoboa Sharlyne sikio, akamvisha hereni ya manjano yenye namba ya bima. Okwakol aliitazama hereni ile kama mtu aliyeajiri askari.

Kesho yake alifika kwenye chungu chetu cha ajon, pombe ya wimbi, akapokea mrija, akanyonya kidogo, akaondoka. Kabla wiki haijaisha alikuwa anakaa mpaka chungu kinaongezwa maji moto.

"Na ng'ombe?" nilimuuliza.

"Nimemfunga barabarani. Ana bima yule."

Ufagio ukarudi nyumbani kufagia mavi ya kuku.

Alasiri moja Opolot, fundi wa pancha, alikuja mbio kutuita. Tulimkuta Sharlyne amelala ubavu, tumbo limekaza kama ngoma, ngano imemganda puani. Daktari wa mifugo alipofika, hakuwa na wa kutibu. Vivian akafuata kwa boda. Majirani nao walikuwa wameshaleta visu na mabeseni.

Nikaona nisaidie. "Binti, andika radi. Niliiona mwenyewe, imeruka kutoka mwamba wa Tororo ikapita juu ya malori yote."

"Mzee, jua linawaka."

"Hiyo ndiyo radi mbaya zaidi."

Vivian akatabasamu kidogo. "Hiyo yako kazini tunaiita hatari ya hila. Mtu akishapata bima, anaitafuta hasara au anaitunga. Kuna nyingine, hatari ya kulegea. Huyo hana ubaya wowote. Moyo wake tu umekaa chini. Duka lina bima, anasahau kufuli. Tunaipima kabla ya kuuza, maana watu wengi hulegea kidogo."

Okwakol alikuwa amechuchumaa, akiondoa ngano puani mwa ng'ombe kwa kidole.

"Kwa hiyo mlijua nitalegea."

"Si wewe, mzee. Watu."

"Mimi sikujua," akasema. "Ningeapa kwa Akiteng."

Vivian akainama karibu naye, akamwambia polepole kwamba hata hivyo kampuni italipa, maana si hila. Ila lazima apeleke sikio pamoja na hereni yake. Opolot akanyoosha kisu.

Okwakol hakukipokea. "Nani ana jembe?"

"Mzee, bila sikio hakuna fidia," Vivian akasema.

"Nimesikia."

"Ungenunua mwingine."

"Mwingine hatakuwa amenunuliwa na mke wangu."

Majirani walitazamana. Mmoja akanong'ona kwamba nyama yote hiyo ni dhambi kuizika, mwingine akamkanyaga mguu, na mabeseni yakaanza kurudi nyumbani moja moja. Tuliobaki tulimburuta hadi shambani kwa Okwakol, tukachimba. Sharlyne aliingia mzima, masikio mawili, hereni moja.

Okwakol naye alifukia, kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulishika kamba, iliyokuwa haina kitu mwishoni. Nilinyoosha mkono nimshikie, apate kufukia vizuri.

Hakunipa.