Pikipiki Iliyokuwa Ikishinda Malori

Mimi ni fundi viatu, na mdomo wangu hauna breki. Marehemu mke wangu ndiye pekee aliyeuweza. Watoto walipohama walituachia boksi la karata za magari, nasi tukawa tunazicheza kila jioni, watu wazima na mvi zetu. Kila karata ina picha na takwimu zake: kasi, uzito, nguvu ya injini. Mwenye zamu anataja kipengele kimoja, mnalinganisha, mwenye namba kubwa anakula karata ya mwenzake. Atakayeshindwa mchezo anachemsha chai.

Ila kwenye uzito, kwetu mwepesi ndiye aliyeshinda. Mke wangu aliamua hivyo siku ya kwanza. "Lori likinasa kwenye tope nani atalisukuma? Wewe na mgongo wako huo?" Karatasi ya maelezo ilishapotea kitambo, nikakubali. Basi akiipata ile pikipiki nyekundu, anaibana kifuani na kupiga kelele, "Uzito!" Hapo najua jiko linaniita, na kikombe chake cha sukari vijiko vitatu.

Tangu afariki nacheza peke yangu. Mkono wa kulia mimi, wa kushoto yeye. Mchezo gani huo, jamani? Karata zote unazijua, na hakuna wa kukuzomea. Upweke ulinikaba mpaka nikaanza kuongea na soli.

Jumapili moja msusi wa chumba cha pili alikuja kuchukua viatu vyake. Akaziona karata mezani. "Baba, kumbe unazo hizi! Utotoni nilizicheza mpaka zikachanika." Akavuta kigoda bila kukaribishwa. Nilichanganya karata haraka haraka, maana nilitaka mno abaki.

Tulikwenda vizuri mpaka nilipopata pikipiki.

"Uzito!" nikasema kwa madaha.

Akaweka lori lake. "Nimekula, baba."

"Umekula nini? Mwepesi ndiye anashinda."

"Wapi na wapi! Mzito ndiye anashinda, dunia nzima."

"Humu ndani si dunia nzima!" nikafoka. "Kama hutaki, beba viatu vyako uende!"

Akavibeba. "Haya, baba. Samahani," alisema, akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Nikabaki na pikipiki mkononi. "Umeona, mama watoto? Nimekutetea," nikasema. Nikasikiliza. Nikalia, wala sioni aibu kusema.

Kisha nikavaa kandambili, nikaenda kugonga kwa msusi. Alifungua mlango nusu.

"Mzito ndiye anashinda," nikamwambia. "Njoo uchukue karata yako."

Akafungua nusu iliyobaki, akanifuata. Nilimsogezea pikipiki, kidole kikaing'ang'ania kidogo kwenye kona, nikaiachia. Akaichomeka chini ya fungu lake kama karata nyingine yoyote, na tukaendelea.

Alinipiga vibaya sana. "Sasa aliyeshindwa anafanywaje?" akauliza huku akicheka.

"Anachemsha chai."

Nikawasha jiko, nikapanga vikombe viwili. Nilikuwa nimeshatia sukari vijiko vitatu kwenye kile cha pili na kukoroga, ndipo nikageuka. "Mwanangu, unatumia sukari?"

"Hapana, baba. Situmii kabisa."

Kile cha vijiko vitatu nikakinywa mimi, nikammiminia yeye kingine.