Stroberi za Fundi Ngoja

Wateja ndio waliombandika fundi seremala jina la Ngoja. Uende leo kuulizia kabati lako, atakwambia ngoja. Uende wiki ijayo, ngoja vilevile, na ole wako uguse kiti ambacho vanishi yake haijakauka. Watu walinung'unika, lakini hakuna aliyewahi kumrudishia kiti kwamba kimelegea.

Kwa mkewe, sasa, Fundi Ngoja hakuwa na hata chembe ya kungoja. Tangu mama huyo arudi kutoka hospitali, chakula kilikuwa hakipiti. Uji aliugusa kwa midomo tu kisha akageukia ukutani, na daktari alishasema wazi kwamba hali ikiendelea hivyo atarudi wodini, alishwe kwa mpira. Fundi akafunga karakana, akahamishia kigoda chake kando ya kitanda. Kijiko mkononi, maswali mdomoni: umepata nafuu? Utakunywa kidogo? Nikugeuze? Mkewe alijibu kwa kufumba macho.

Ndipo asubuhi moja akasema mwenyewe kwamba ana hamu ya stroberi zilizolazwa kwenye sukari, zile alizokuwa akiwaandalia watoto walipokuwa wadogo. Fundi nusura apige vigelegele. Alipouliza zinatengenezwaje, akaambiwa azioshe, azitoe vikonyo, azipasue, azinyunyizie sukari, basi aziache. Maji asitie, zitatoa zenyewe.

Akafanya hivyo, vipande vikalingana utadhani vimepimwa kwa rula. Akafunika bakuli. Akafunua. Sukari ilikuwa bado nyeupe juu, na chini hamkuwa na hata tone. Akakoroga. Akafunika, akazunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia, akafunua tena. Majimaji yalikuwa yameanza kutoka, basi akaona azisaidie kwa kuzibonyeza na kijiko. Alipokuja kushtuka, bakulini hamkuwa na kipande hata kimoja, ni rojo tupu.

Akampelekea hivyohivyo. Asipokula hizi, hakujua tena atampa nini.

Mkewe akachungulia bakuli, kisha akamtazama usoni.

"Mzee, uliziacha?"

"Niliziacha. Ila nilikuwa naziangalia."

"Kwa kijiko?"

Fundi akainamisha kichwa. Mkewe akacheka, kicheko kidogo kilichoishia kwenye kikohozi, na hakuwa amecheka tangu augue.

"Kiti cha mtu unakiacha kikauke," akasema taratibu. "Mimi hunipi nafasi. Njaa haijaniuma, kijiko kishafika mdomoni. Najua unaogopa. Na mimi naogopa. Lakini niache kidogo, baba."

Maneno yale yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Akaliweka bakuli juu ya kigoda, pale mkono wa mkewe ungelifikia, kijiko kikiwa ndani yake. Kisha akatoka, akakaa kwenye ngazi za mlangoni, mikono ameibana katikati ya magoti kana kwamba ingemtoroka.

Chumbani kulikuwa kimya. Akainuka, akajikalisha. Akainuka tena, akashika kitasa, akakiachia, akarudi kukaa. Hakuna kazi iliyowahi kumshinda nguvu kama ile ya kukaa bure.

Baada ya kitambo akasikia kijiko kikigonga ukingo wa bakuli. Kikatulia. Kikagonga tena.

Machozi yakamtiririka, wala hakuyafuta. Hakwenda kuangalia.